Nenda Ukaniharibie Shamba

Kama kuna kazi ya kuchosha kuliko kumfundisha kijana kinaya, mimi sijaiona. Nimeifanya miaka mingi katika shule moja ya sekondari mjini Meru, upande wa Kinoru, na bado naamka asubuhi kwenda kuifanya kwa sababu sina kazi nyingine ninayoijua. Tashbihi wanaishika upesi. Wakiona "kama" au "mithili ya" wanapiga mstari na kupumzika. Tanakali za sauti zinawachekesha. Balagha, yaani swali lisilotaka jibu, wanaisikia nyumbani kila siku mama zao wanapouliza, "Unafikiri mimi ni mjakazi wako?" Lakini kinaya hakina alama ya kupigia mstari. Mtu anasema jambo, anakusudia kinyume chake, na kazi yote anaachiwa msikilizaji.

Kwa hiyo nilikuwa nikiwapa mifano ya baba yangu. Alikuwa mkulima huko kwetu Mbeere, karibu na Gachoka, mahali ambapo jua halina adabu na mvua huja ikipenda. Alikuwa na miti yake ya muguka, ile miraa ya kwetu, mtama kidogo, na shamba la ndengu lililoteremka hadi kwenye korongo. Mvua ikikataa msimu mzima halafu ikanyesha kwa hasira, alisimama mlangoni na kusema, "Sasa huyu Mungu anataka kutuua na maji." Akikutana sokoni na yule mfanyabiashara mwenye malori, alimwita mwenye hoteli na kumwambia, "Mpe huyu maskini chai, amelala njaa." Nilipopata nafasi ya chuo cha ualimu, aliwaambia majirani kwamba msichana wake mkubwa ameshindwa na maisha kabisa, na sasa atakuwa anakula chaki. Mama mmoja wa kanisani alikuja kutupa pole.

Hakuwa akicheka. Ufundi wake wote ulikuwa hapo. Uso ulikaa mkavu, macho hayakupepesa, na baada ya kusema aliendelea na shughuli yake kana kwamba ametaja bei ya chumvi. Wanafunzi wangu walimpenda bila kumwona. "Mwalimu, huyo mzee wako ni moto," kijana mmoja aliniambia, na darasa zima likapiga meza.

Mfano niliouweka mwisho, kwa sababu ulikuwa mzuri kuliko yote, ulimhusu mdogo wangu. Yeye ndiye kitinda mimba kwetu. Aliolewa Kirinyaga, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani na watoto wawili na godoro. Kwetu msichana aliyerudi huangaliwa kama mtu aliyevunja chombo cha watu. Baba alimkuta langoni, akamtazama yeye na godoro lake, akasema, "Karibu mgeni. Unaondoka kesho saa ngapi?" Kisha akamfungulia chumba cha mama yetu, ambaye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na hiyo kesho haikufika miaka yote baba aliyoishi.

Mdogo wangu ndiye aliyelifufua lile shamba. Alitengeneza matuta ya kuzuia maji, akatafuta mbegu ya ndengu inayovumilia ukame, akafukuza ndege kwa sauti ambayo majirani waliilalamikia. Kila asubuhi alipochukua jembe, baba alimwambia kutoka kwenye kiti chake, "Nenda ukaniharibie shamba." Naye alijibu, "Nitaliharibu vizuri, baba." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Sikuwahi kumsikia baba akimwambia neno lingine la kumsifu, na sikuwahi kumwona mdogo wangu akilihitaji.

Baba akaugua koo. Ilianza na chakula kigumu, ikaja kwenye uji, mwishowe hata maji yalikuwa vita. Hospitalini kule Embu walituambia kwa upole tumrudishe nyumbani tukae naye. Mimi nilikuwa Meru, mitihani ya mwigo imenifunika hadi shingoni, nikisubiri Jumamosi ili niende. Jioni moja mdogo wangu akanipigia simu. Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

"Dada, hata leo amenitania. Kumeza mate hawezi, lakini kunitania anaweza."

Akanieleza. Alikuwa ametoka shambani na karai limejaa ndengu za kwanza za msimu, akalipeleka chumbani ili mzee azione. Kitandani walikuwa wamekaa kaka yetu mkubwa, ambaye hufanya kazi ya ofisi Embu mjini, na mwenyekiti wa ukoo wetu, aliyekuja kumwombea mgonjwa. Mdogo wangu alisimama mlangoni na karai lake. Baba akafungua macho, akamtazama, akasema, "Huyu asikanyage shamba langu tena. Ameniharibia vya kutosha." Akafunga macho.

"Ulimjibu nini?" nikamwuliza.

"Nilimwambia nitaliharibu hadi lilie."

Baba hakusema tena neno ambalo mtu alilielewa. Alifariki kabla ya Jumamosi yangu kufika.

Hapa inanibidi nieleze jambo moja kwa wasiotoka kwetu. Neno la mwisho la mzazi anayekufa, hasa likiwa la kukataza, linaitwa kirumi. Baba akisema ukilala katika nyumba fulani, au ukiuza kipande fulani, au ukikanyaga pale, basi pamefungwa. Atakayevunja hatadhurika yeye. Watadhurika watoto wake. Na kirumi hufunguliwa na yule aliyekifunga, ambaye wakati huo yuko chini ya udongo. Watu wetu ni Wakristo wazuri, wanatoa sadaka, wanaimba kwaya. Lakini sijaona mzee wa kanisa aliyejenga juu ya kirumi.

Tulimzika. Hema la matanga lilikuwa bado halijakunjwa, wazee wa ukoo walipotuita tukae chini yake kwenye viti vya kukodi. Kaka ndiye aliyesimama. Sitaki kumsingizia. Kama angekuwa mlafi ningemchukia nipumzike, lakini alikuwa anaogopa, na mtu mwenye hofu ya kweli huwezi hata kumtukana vizuri. Alisema alichokisikia kwa masikio yake. Mwenyekiti akasema naye alisikia. Halafu wote wakamgeukia mdogo wangu, wakamwuliza kama maneno ni hayo. Akasema ndiyo, maneno ni hayo, lakini baba alikuwa anatania.

Nikasimama. Nilikuwa na hamu ya kusimama. Shuleni mimi ndiye mlezi wa chama cha mdahalo, na kwa miaka nimewafundisha watoto wa watu kuzitambua hoja za kilema, ndivyo ninavyoziita: hoja zinazotembea mbele za watu kwa madaha ilhali mguu mmoja haupo. Nikawaeleza wazee kwamba baba alizungumza kinyumenyume maisha yake yote, kwamba kila mmoja wao aliwahi kutaniwa naye, kwamba maneno yale yalikuwa ya kila asubuhi, na kwamba yalisemwa karai la ndengu likiwa mlangoni. Mtu aliyeharibiwa shamba haletewi karai lililojaa. Nilisema kwa Kimbeere, nilisema taratibu, na nilipoketi niliona nimesema vizuri.

"Mwalimu amesema vizuri sana," alisema mwenyekiti. "Watoto wa Meru wana bahati."

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisifu au ananikejeli. Mimi, mwalimu wa kinaya.

Kisha zikaanza kuja, moja baada ya nyingine, kana kwamba zimetoka kwenye daftari zangu za somo. Mzee mmoja akasema, "Lakini huyu mwari wetu, binti wa hapa, ameolewa Meru. Mambo ya hapa anayaongea kama nani?" Hapo hoja imeachwa, amepigwa msemaji. Mwingine akasema ukoo mzima umeshaelewa hivyo, na wengi wape. Hapo kweli imepimwa kwa kuhesabu vichwa. Wa tatu akauliza kama baba alimtemea mdogo wangu mate. Kwetu mzazi anapobariki hutema mate kidogo, mfano wa ukungu tu, kwenye viganja au kifuani pa mwana.

"Alikutemea mate, mwari?"

"Hapana," akajibu mdogo wangu.

"Hata kidogo?"

Nilisimama tena, na safari hii sauti ilinipanda. "Wazee, mtu mwenye koo lile angetoa mate wapi? Alikuwa hawezi hata kumeza ya kwake! Na kaka je, alimtemea? Kuna aliyetemewa?"

"Hatuongei juu ya kaka yako," yule mzee akasema. "Kaka yako hakukatazwa."

Kaka akaniangalia kwa macho ya kuomba. "Sister, hii si mambo ya theory," aliniambia. "Mimi niko na watoto."

"Na yeye ana nini? Ana vifaranga?"

Mtu mmoja akacheka nyuma. Mwenyekiti akainua mkono wake. Alikuwa mtu mpole, rika la baba, aliyelia kwa kweli kaburini. Akaniuliza polepole, kama anayemwuliza mtoto aliyepotea njia:

"Mwalimu, baba yako alikuwa mwongo?"

"Hapana, mzee."

"Basi wakati wa kufa alisema ukweli au alisema uongo?"

Naijua hoja hiyo. Nimeichora ubaoni mara nyingi: unafunguliwa milango miwili tu, na nyumba ina mitano. Nilijua ina ugonjwa gani na dawa yake ni nini. Lakini kujua jina la ugonjwa hakujawahi kumponya mtu, na wote pale hemani walikuwa wakiningoja niseme kama baba yangu alikufa akidanganya. Nikasema mzaha si uongo. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mtu anayekufa hafanyi mzaha, mwanangu. Anaufanya na nani?"

Nilitaka kusema, anaufanya na mwanawe, ambaye ndiye pekee aliyemwelewa. Badala yake niliketi. Wazee wakaamua.

Hawakuwa wakatili. Walisema abaki kwenye chumba cha mama, apewe kisehemu nyuma ya zizi apande mboga, lakini lile shamba la ndengu asilikanyage. Sheria ya nchi ilikuwa upande wake; naibu wa chifu alituambia hivyo waziwazi, na nikamwambia mdogo wangu niko tayari kumsindikiza hadi mahakamani. Wakati huo alikuwa bado yule yule niliyemjua. Alinijibu kwamba baba akimsikia amepeleka utani mahakamani atafufuka kwa aibu. Asubuhi iliyofuata alichukua jembe akaenda shambani kwake, kama kawaida, na hakuna aliyemzuia. Walimtazama tu.

Kutazamwa ni kazi nzito. Ng'ombe wa kaka akatupa mimba, watu wakamtazama mdogo wangu. Mvua ikakatika mapema, na ilikatika Mbeere nzima, hata kwenye mashamba ya wasio na baba aliyekufa, lakini wakamtazama yeye. Nilipokwenda likizo jirani mmoja alinieleza jambo hilo akihesabu vidole: mzee alikataza, mwari akakanyaga, ng'ombe akatupa mimba, mvua ikakatika. Nikamwambia jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, na bado siye anayelichomoza. Akanijibu kwamba kwao hata hivyo jogoo hachinjwi ovyo. Nilikasirika hadi kichwa kikaniuma, na nikamrudia mdogo wangu nikamweleza jinsi hoja ile ilivyo mbovu, jambo kuja baada ya jingine si kuzaliwa na jingine. Alinisikiliza akichambua mboga. Alisema ndiyo, anaelewa.

Halafu mtoto wake mdogo akapata homa. Malaria ya kawaida, kwetu haina ajabu, lakini ilimpanda kichwani akatetemeka mikononi mwa mama yake mpaka macho yakageuka. Walifika hospitalini kwa wakati, mtoto akapona. Nilipopigiwa simu nilimshukuru Mungu, nikadhani yamepita.

Kumbe hakurudi tena shambani. Ndengu zilikuwa zimeshakauka, tayari kuvunwa. Nilipofika kule nilisimama pembeni ya shamba mchana, jua likiwaka, nikazisikia zikipasuka. Ganda la ndengu likikauka kupita kiasi hujipasua lenyewe na kutupa punje chini. Shamba zima lilikuwa likifanya hivyo, tiki, tiki, tiki, na mdogo wangu amekaa nyuma ya zizi na mgongo wake ameuelekeza upande ule. Nilimwambia twende tuvune tu zile za ukingoni, mimi nitaingia, mimi sikukatazwa. Akasema, "Wewe uko na watoto pia, dada." Wala sikuingia. Nilijiambia ni kwa sababu ya kumheshimu. Kinyozi hajinyoi.

Nilikata tamaa siku ile, na sijaipata tena. Nilikuwa nimeamini, sijui kwa nini, kwamba ukimwonyesha mtu mahali ambapo hoja imevunjika, ataiacha. Nimewalea vijana kwa imani hiyo. Kumbe mtu haishiki hoja kwa sababu ni nzima. Anaishika kwa sababu mtoto wake ametetemeka mikononi mwake, na wewe umesimama mbele yake na chaki.

Kwaresima hiyo alihama. Hakutaka kukaa kwangu Kinoru, alisema mume wangu atachoka naye, na hakuwa akisema kinyume. Akapata chumba cha kupanga mtaa wa Majengo, huku huku Meru, nyuma ya mabucha, kwa mama mmoja Mwislamu ambaye hakumwuliza maswali. Anapika ndengu na chapati, anawauzia wachuuzi na vijana wa kazi za mikono. Ndengu ananunua gunia kwa gunia kutoka kwa mfanyabiashara anayezileta kutoka Mbeere. Watoto wameshaanza kuongea Sheng ya mji na Kimeru cha wenyeji, na yule mdogo, mzima wa afya, amemsahau babu yake.

Mimi bado nafundisha kinaya. Ule mfano wa mwisho nimeuacha. Nawapa vifungu vya mitihani, ambamo mwandishi huwa ameshaweka ishara kila mahali ili mtahiniwa asipotee: mhusika anatabasamu, mwenzake anakonyeza. Wanapata alama zao. Mwaka jana msichana mmoja aliniuliza mbona siku hizi sichekeshi, nikamwambia akae chini.

Juzi nilipita Majengo baada ya shule. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa chumba chake, uteo mapajani, akitoa mawe kwenye ndengu za kesho. Nikaketi kando yake tukachagua pamoja. Tuliongea juu ya karo, juu ya magoti yake, juu ya kaka, ambaye naye shamba lile hakulilima. Alisema anaogopa, na sasa limekuwa msitu wa miiba. Nikaona tumekaa vizuri. Ndipo akaniuliza, bila kuinua macho:

"Dada, kwani baba alikuwa ananipenda?"

"Unauliza nini sasa? Alikupenda kuliko sisi wote."

"Ulijuaje?"

"Si alikuwa anakutania kila asubuhi? Baba hakumtania mtu ambaye hampendi."

Akatoa jiwe, akalitupa uani. "Na ulijuaje ilikuwa utani?"

"Kwa sababu alikupenda."

Jibu hilo lilipotoka mdomoni nililisikia. Nilifungua mdomo nitafute lingine. Nikatafuta karai la ndengu, nikatafuta lile godoro langoni, nikatafuta chumba cha mama, na kila nilichokishika kilikuwa kinasimama juu ya kile kile nilichotaka kukithibitisha. Yeye hakuwa ananitega. Alikuwa ananingoja kweli, mikono imetulia juu ya uteo, kama mtu aliyemletea fundi kitu chake cha pekee.

"Mimi sikuwepo," nikasema mwishowe. "Wewe ndiye ulikuwa pale mlangoni. Wewe ndiye ulinipigia simu ukicheka."

"Nakumbuka," akasema. "Siku hiyo nilikuwa najua."